Hakuwa peke yake pale kilimani

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote hapo chumba cha habari. Mimi ni fundi mihuri, kibanda changu kipo Kariakoo mwaka wa ishirini na mbili sasa, na pamoja na mihuri nachonga majina, kwenye vikombe vya ligi za mchangani, ngao za shule, vibao vya milango ya ofisi, pete za wachumba, hata kibati cha kola ya mbwa nimeshawahi kuchonga. Gazeti lenu nalisoma kila siku ya Mungu maana jirani yangu ni muuza magazeti na tuna mkataba wetu, mimi namchongea muhuri ukichakaa na yeye ananiachia nisome bure ilimradi nisilikunje na nisiliguse na mikono ya wino.

Sasa mlitoa makala ya yule afisa wa jeshi la Kiingereza, Eric Wilson, aliyepewa Msalaba wa Victoria, VC kwa kifupi, wakijua ameshakufa kumbe yupo hai. Makala tamu, niliisoma mara mbili, na vijana wa jirani wakaja kuisoma mpaka kazi ikasimama. Ila kuna maneno mawili pale yamenikaa kooni kama mwiba wa perege, mmeandika kwamba alishikilia kilima kule Somaliland ya Waingereza, Agosti 1940, siku tano "peke yake". Hapo ndo nikasema hapana, leo naandika barua.

Nianze na vita yenyewe, maana vijana waliniuliza hiyo Somaliland ya Waingereza ilikuwa wapi na nikagundua makala haikusema. Ni Hargeisa na Berbera ya leo, kule juu inapotazamana na Aden. Italia iliingia vitani upande wa Hitler Juni 1940 na wakati huo Waitaliano walikuwa wameshaikalia Ethiopia, basi tarehe 3 Agosti wakavuka mpaka na jeshi la watu zaidi ya 20,000 chini ya jenerali Guglielmo Nasi, shabaha yao bandari ya Berbera. Na kwenye jeshi hilo la Waitaliano wengi walikuwa askari weusi wa makoloni yao, kwa hiyo ukiangalia vizuri ni Waafrika kwa Waafrika wanapigana kwenye nchi ya Waafrika kwa ugomvi wa Roma na London, lakini hilo tuliache maana nikilianza barua haitaisha.

Njia ya kwenda Berbera inapita kwenye mlango kati ya vilima unaitwa Tug Argan, na tug kwa Kisomali ni korongo, mto unaokuja na mvua tu. Waingereza walikuwa na watu wachache, kama elfu nne hivi, wakajipanga juu ya vile vilima ambavyo walivipa majina ya kwao, Mill Hill, Castle Hill, Black Hill, Knobbly Hill, na kile cha Wilson kikaitwa Observation Hill. Nani walikuwa juu ya vilima hivyo? Askari wa Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Askari wa keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, batalioni ya pili, hao ni Wanyasa, Malawi ya leo. Wapunjabi kutoka India. Na Wasomali wenyewe wa kikosi cha ngamia, ambao walipewa zile bombomu, machine gun za kuweka kwenye miguu mitatu, wazisambaze kwenye vilima kuwasaidia wengine. Waskoti wa Black Watch nao walikuwepo. Hiyo ndo "peke yake" yenu.

Wilson mwenyewe simdharau hata kidogo, nataka nieleweke. Kijana wa miaka 27, mzaliwa wa kisiwa cha Wight, kasoma Sandhurst, chuo cha maofisa wa jeshi kwao, kaingia regimenti ya East Surrey mwaka 1933, alafu 1937 akaletwa huku Afrika kwenye keya, hiyohiyo batalioni ya pili ya Wanyasa, na akajifunza Kinyanja mpaka akakiongea. 1939 wakamhamishia Somaliland kwenye ngamia. Kwa hiyo siku ya vita pale Tug Argan, askari wake wa zamani aliokuwa anaongea nao Kinyanja walikuwa mlango uleule, na yeye yupo na Wasomali kwenye bombomu. Hili mngeliandika makala ingenoga zaidi, ila basi.

Tarehe 11 Agosti Waitaliano wakapanda. Wilson na Wasomali wake wakawarudisha chini, na wakaanza kuwapiga na wale waliokuwa wanashambulia kilima cha jirani, Mill Hill, maana kilikuwa ndani ya masafa yao. Waliwaumiza Waitaliano kiasi kwamba jamaa wakaamua hizi bombomu lazima zinyamaze, wakasogeza mizinga midogo ile ya kubebwa na nyumbu mpaka yadi 700, hapo ni kama kutoka Msimbazi mpaka Mnazi Mmoja tu, wakalenga zile tundu za kupigia bunduki. Makombora mawili yakaingia ndani kabisa na kupasukia humo humo. Wilson akaumia bega la kulia na jicho la kushoto, wenzake kadhaa wakaumia, bunduki zikarushwa kutoka kwenye miguu yake. Akazinyanyua, akazitengeneza, wakaendelea. Na sajini wake Msomali akafa pale ubavuni kwake.

Tarehe 12 mizinga tena, tarehe 14 mizinga tena, majeraha hayajafungwa wala kusafishwa. Tarehe 15 vituo viwili vya bombomu vikasambaratishwa na Wilson kwa wakati huo ana malaria juu ya majeraha, jamani malaria mnaijua wenyewe, mtu mzima na kitanda na panadol na uji bado unaona ukuta unatembea, sembuse juu ya kilima cha mawe Agosti jua la Somalia. Saa kumi na moja jioni adui akafika juu na kituo kikazidiwa. Usiku ule Waingereza wakaanza kurudi nyuma kwenda Berbera na ilipofika tarehe 19 Waitaliano wakaingia mjini, manowari zilikuwa zimeshawabeba watu kuwapeleka Aden.

Hapa kuna kisa cha pembeni nakipenda. Churchill alikasirika, akaona jeshi lake limekimbia maana limepoteza watu 260 hivi tu kati ya waliokufa, waliojeruhiwa na wasiojulikana walipo, wakati Waitaliano walipoteza zaidi ya 2,000. Jenerali Wavell, mkuu wa majeshi yao kule Cairo, akamjibu kwamba bili kubwa ya bucha sio lazima iwe ushahidi wa mbinu nzuri za vita. Churchill hakulisamehe jibu lile. Mimi ningekuwa nachonga ngao ya Wavell ningeichonga sentensi hiyo bure, bila hata ya hela ya chai.

Sasa nije kwenye kazi yangu, kwenye majina.

Oktoba 1940 gazeti rasmi la serikali kule London likatoa tangazo la nishani. Mpwa wangu alinipatia nikalisoma kwenye simu, Kiingereza changu ni cha kuungaunga lakini kichwani ninacho cha kutosha. Mambo yote niliyoyasimulia hapo juu ya siku tano yamo kwenye tangazo hilo. Na mwisho wake linasema Kapteni Wilson alipigana mpaka mwisho na akauawa. Yaani yule aliyekuwa hai wamemuandika kafa, jina lake kamili na cheo na kikosi. Na yule aliyekufa kweli, wamemuandika "his Somali sergeant", sajini wake Msomali, basi. Soma tangazo zima hakuna jina lingine la mtu zaidi ya la kapteni. Umekosea kuhusu mwenye jina, na asiye na jina umepatia lakini hujasema ni nani. Mimi nimechonga vikombe miaka ishirini na miwili, nimewahi kukosea herufi, nimewahi kuchonga bingwa wa mwaka mwingine, ila kombe limekwenda kwa marehemu aliye hai na marehemu halisi hajatajwa, hilo sijawahi.

Anaitwa Omar Kujoog. Huyo ndo sajini. Tunalijua jina lake kwa sababu Wilson alirudi akiwa hai na wala hakumsahau mwenzake. Fikirini tu kama kweli angekufa kama walivyoandika, leo hii tungebaki na "Msomali mmoja".

Na alirudi vipi. Waitaliano walimkuta hai na wakamchukua mateka, wakampeleka Eritrea kwenye kambi ya wafungwa wa vita. Huko akakaa hana habari kwamba kwao ameshaliliwa na amepewa nishani kubwa kuliko zote za jeshi la Uingereza, mpaka akaletwa mfungwa mpya, mtu wa jeshi la anga aliyeanguka na ndege, akamkuta Wilson akashangaa, akamwambia wewe si umekufa, na umepewa VC. Jiulize angejibu nini mtu hapo. Mwaka 1941 Waingereza wakaichukua Eritrea, wafungwa wakatoka, na Berbera wakairudisha Machi mwaka huohuo. VC alivishwa na mfalme George wa Sita.

Na vita haikuisha kwake, hii nayo makala yenu imepita mbio kama daladala iliyojaa. Alikwenda jangwani Afrika ya Kaskazini na kile kikosi cha doria za mbali, wale waliokuwa wanakata mchanga na malori nyuma ya Wajerumani. Alafu akarudi keya, akawa afisa wa pili kwa ukubwa kwenye batalioni ya 11, ya Kenya, na wakaenda Burma 1944. Huko tifasi ya porini, homa inayoletwa na vijidudu kama utitiri, ikamlaza hospitali muda mrefu, akapona akarudishwa kufundisha askari wa miguu kule Jinja, Uganda. Aliacha jeshi 1949 akiwa luteni kanali. Na alipoacha jeshi mnajua alikwenda wapi? Alikuja hapa! Tanganyika, afisa wa utawala kuanzia 1949 mpaka 1961 tulipopata uhuru. Miaka kumi na miwili. Na maofisa wale lazima wafanye mtihani wa Kiswahili, hawakupewa cheo bila hiyo, kwa hiyo huyo mtu wa makala yenu alikuwa anaongea lugha mliyomuandikia na nyinyi hamkusema hata mstari mmoja. Wazee wetu walikaa mbele ya meza yake wakibishana naye kodi na mipaka ya mashamba na sidhani kama wengi walijua ana nini kifuani. Baadaye akarudi London akasimamia nyumba ya wanafunzi wanaotoka nchi za nje, na akawa katibu wa chama cha urafiki wa Waingereza na Wasomali miaka ya 1972 mpaka 1977. Amefariki Desemba 2008 akiwa na miaka 96.

Ile nukta ya Burma ndo imenifanya nikae kitako.

Babu yangu mzaa baba alikuwa keya. Alikuwa akisema "tuenti siksi", batalioni ya 26, ya Tanganyika. Na batalioni ya 26 ya Tanganyika na ya 11 ya Kenya na ya 34 ya Uganda zilikuwa brigedi moja, brigedi ya 25, kwenye divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile ya alama ya kichwa cha kifaru begani. Kwa hiyo babu na huyo kapteni wenu, ambaye kwa wakati huo ni meja, walikanyaga matope yaleyale ya bonde la Kabaw kati ya Agosti na Desemba 1944, kutoka Tamu kushuka mpaka Kalewa, mvua za masika ya kule zinapiga usiku na mchana, barabara imekuwa uji, malori yamelala na chakula kinadondoshwa na ndege kwa miamvuli. Babu alikuwa anasema kitu kimoja tu kuhusu Burma bila kuulizwa, kwamba gunia la mchele likishuka bila mwamvuli linaua kama bomu, na aliwahi kuona. Ukimuuliza mengine anasema kalete maji.

Alirudi na medali. Alipofariki 1994 baba akaichukua, baba alipofariki ikaja kwangu, ikiwa kwenye kopo la kahawa pamoja na vifungo na funguo za kufuli ambalo halipo tena. Kwanza ilinusurika kuuzwa kwa watu wa vyuma chakavu, binamu yangu alishaiweka kwenye mzani, sitaki kuendelea hapo maana tumeshasameheana. Ni nyota ya ncha sita, ya njano, mchanganyiko wa shaba na zinki, mkono wa fundi unajua mara moja, katikati taji na herufi za mfalme na kuzunguka imeandikwa THE BURMA STAR. Utepe umeoza umebaki uzi wa bluu na kidogo rangi ya chungwa.

Sasa nikaigeuza nyuma. Fundi yeyote akipewa kitu cha heshima anageuza nyuma kwanza kuangalia jina. Nyuma tupu. Laini kama sarafu mpya. Nikajua labda imesuguliwa, nikaweka lenzi, hakuna hata dalili ya patasi.

Nikaja kuelewa baadaye. Zile nyota za vita ya pili Waingereza walizitoa bila kuchonga majina, kwa watu wao wenyewe pia, ilikuwa ni kubana matumizi maana walikuwa mamilioni. India na Afrika Kusini na Australia walichonga za kwao. Kwa hiyo hapa siwezi kusema ni ubaguzi, nitakuwa muongo, askari wa Manchester na askari wa Songea wote nyota zao nyuma ni tupu. Tofauti ni kwamba yule wa Manchester ana faili, ana barua, ana picha, ana jina kwenye ubao wa kanisa la kijiji chao. Babu alikuwa na kopo la kahawa.

VC lakini inachongwa. Ni msalaba wa shaba nyeusi, upana milimita 36, mdogo kuliko watu wanavyodhani, unatengenezwa na sonara mmoja wa London tangu mwanzo 1856. Mbele umeandikwa kwa ushujaa. Nyuma ya kile kipande cha juu kinachoshika utepe wanachonga jina la mtu, cheo na kikosi, na katikati ya msalaba nyuma wanachonga tarehe ya tendo. Kazi nzuri, safi, nimeiangalia kwenye picha kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa mteja akiwa anasubiri muhuri wake.

Na nishani kwa askari weusi zilikuwepo, tusiseme hazikuwepo, babu zetu walipewa Military Medal na walipewa DCM, zote nishani za ushujaa za chini ya VC. Ila hata DCM, mpaka katikati ya vita hiyohiyo, keya walikuwa na ya kwao mbali, imeandikwa King's African Rifles kabisa, sio ileile aliyopewa mwenzao mzungu, yaani hata ushujaa ulikuwa na mlango wa nyuma. VC kwenye keya vita nzima ya pili ilikuwa moja tu na ilikwenda kwa sajini mzungu wa Kenya, Nigel Leakey, ndugu wa wale akina Leakey wa Olduvai. Huyo naye alikuwa na watu wetu, batalioni ya 1/6 ya Tanganyika, tarehe 19 Mei 1941 kule Colito Ethiopia, vifaru vya Waitaliano vikatokea ghafla na yeye akaruka juu ya kifaru akafungua mfuniko. Alikufa na mwili haukupatikana, jina lake lipo kwenye ukumbusho Nairobi. Shujaa kweli. Lakini niambieni, mliwahi kusoma popote majina ya wale wa 1/6 waliokuwa pembeni yake, nyinyi au sisi?

Mtasema mimi nalalamikia mambo ya wakoloni ya zamani. Hapana, haya sio ya zamani. 2021 ile tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yake yenyewe ikaomba radhi, kwamba kwenye vita ya kwanza watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika wa Mashariki na Wamisri, na huenda wanafika 350,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi wetu wamo humo. Na hapo Posta pale Sanamu la Askari, tunapita kila siku tunakwenda kununua vocha, limesimama tangu 1927, lina maandishi ya Kiswahili cha herufi za Kirumi, Kiswahili cha herufi za Kiarabu na Kiingereza, nimelizunguka mara nyingi kwa macho ya kazi, jina la askari hata mmoja hakuna. Nafasi ya kuchonga ipo nyingi tu.

Kwa vita ya pili mambo yalikuwa afadhali. Kule Burma, Taukkyan nje ya Rangoon, kuna nguzo zimechongwa majina ya watu kama 27,000 ambao hawana kaburi linalojulikana, na keya wamo, majina yetu haya haya ya Kiyao na Kinyamwezi na Kikamba kwenye jiwe. Mpwa wangu alinionyesha picha. Mchongaji wa kule alifanya kazi, herufi zimelingana.

Kikosi cha ngamia nacho mwisho wake haukuandikwa kwenye makala. Walipohama Berbera 1940 Wasomali wengi walibaki nchini kwao na bunduki zao, kikaundwa tena baada ya 1941, alafu 1944 wakaasi na kikafutwa moja kwa moja. Kwa hiyo kikosi ambacho kapteni wake ana VC kilimalizikia kwenye uasi ndani ya miaka minne. Hapo kuna makala nyingine nzima kama mna mwandishi mwenye muda, mimi ningeisoma hata kwa kuilipia.

Sasa nirudi kwenye ile nyota ya babu maana najua mtaniuliza, fundi mwenyewe si uichonge. Nimeshaiweka kwenye klempu mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nimeshachora mstari kwa penseli nikapigiwa simu na shangazi wa Songea, yule mkubwa, nikamwambia nafanya nini, akaniuliza unachonga jina gani. Nikasema la babu. Akasema lipi? Kumbe karani wa jeshi siku ya kuandikishwa hakulisikia vizuri, au alilisikia akaona refu, akaandika jina lingine linalofanana na hilo ndo alilipwa nalo mshahara na ndo aliitwa nalo Burma, na babu aliporudi akaliacha bandarini Mombasa akarudi na la kwake. Shangazi mkubwa anataka la nyumbani. Shangazi mdogo anasema hapana, medali ni ya jeshi, chonga la jeshini maana hata wenzake wakifufuka leo hilo ndo watalisoma. Baba mdogo anasema yote mawili lakini nyuma ya nyota hapatoshi, labda kwa herufi za milimita moja na nusu na macho yangu sa hivi siyaamini kwa saizi hiyo. Ndo maana hata hapa kwenye barua sijalitaja, likitoka gazetini moja kabla ya lingine kikao cha ukoo hakitakalika.

Lakini la sajini halina mgogoro. Omar Kujoog, K-U-J, alafu O mbili, alafu G. Herufi kumi, nimezipima kwa penseli kwenye karatasi upana wa kile kipande cha juu cha VC, zinaingia na nafasi inabaki. Nawaomba, kwenye ile kona yenu ya masahihisho, ukurasa wa pili chini, mliweke. Muandike hivi tu, kwamba makala ya Kapteni Eric Wilson ilisema alishikilia Observation Hill peke yake, na haikuwa hivyo, alikuwa na Wasomali wa kikosi cha ngamia akiwemo Sajini Omar Kujoog aliyeuawa hapo hapo. Mistari mitatu. Mkikosa nafasi toeni ile picha ya ngamia, yule ngamia mwenyewe anaonekana wa sarakasi.

Na yule aliyeandika makala akipita Kariakoo aje, simsemi vibaya, nitamchongea kalamu yake jina bure. Aje nalo limeandikwa kwenye karatasi, kwa herufi kubwa.

Wasalaam,

Fundi mihuri,
Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo